Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kufundisha Saikolojia na Maisha ya Profesa Nje ya Darasa

Ninafundisha saikolojia kwa walimu watarajiwa na ninaishi Tanga mjini, katika mtaa ambao kila mtu anaijua nyumba ya mwenzake. Kwa hiyo maswali hunifuata kila mahali: ukumbini baada ya muhadhara, sokoni Mgandini, msibani, na jioni barazani kwangu. Mengi ni yale yale mwaka baada ya mwaka, na nimeona kwamba nikimjibu mtu huku nimesimama na kapu mkononi, humjibu nusu. Hapa nimeyaweka yale yanayorudiwa zaidi. Kila jibu linajitosheleza, na panapohitajika nimemwelekeza msomaji kwenye jibu jingine badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Saikolojia ni nini, na profesa wake anafanya kazi gani?

Saikolojia ni taaluma inayochunguza kwa utaratibu wa kisayansi jinsi watu wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyotenda. Mwanzo wake kama sayansi inayojitegemea huhesabiwa tangu mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani, lakini maswali yake ni ya kale kuliko maabara yoyote. Waliosema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo walikuwa wanatoa dai la kisaikolojia. Kazi yetu ni kuendelea kuuliza pale methali inapoishia: malezi ya namna gani, kwa mtoto yupi, na kwa kiasi gani?

Profesa hufundisha, hufanya utafiti, husimamia tasnifu na hutahini. Kwangu mimi kuna kazi ya tano, ambayo ndiyo niipendayo kuliko zote: kuwatembelea wanachuo wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, Mkinga, Handeni, Kilindi, Lushoto na kwingineko mkoani, nikakaa dawati la nyuma na kutazama yale tuliyoyasema ukumbini yakikutana na watoto wenyewe.

2. Je, unaweza kusoma mawazo yangu?

Hapana, na hakuna mwanasaikolojia anayeweza. Ninachoweza ni kuitazama tabia kwa makini, kuuliza maswali yaliyopimwa, na kulinganisha majibu ya watu wengi ili kuona kinachojirudia. Kinachojirudia kwa watu wengi hakinipi haki ya kumwambia mtu mmoja aliyekaa mbele yangu kwamba namjua. Nilipokuwa kijana nilidhani ninayo haki hiyo, na madhara yake nimeyaeleza katika jibu la 5.

3. Mwanasaikolojia, mnasihi na daktari wa magonjwa ya akili wanatofautianaje?

Daktari wa magonjwa ya akili amesomea kwanza udaktari wa tiba, kisha akabobea katika maradhi ya akili, na ana mamlaka ya kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hupima na kutibu kwa mazungumzo na mbinu za kubadili fikra na tabia, bila kuandika dawa. Mnasihi humsaidia mtu kuyapitia matatizo ya maisha, kama vile ndoa, msiba, masomo au kazi. Mimi ni mwanasaikolojia wa elimu: nachunguza jinsi watu wanavyojifunza na jinsi wanavyofundishwa. Sitibu.

Watu wa mkoa huu wana sababu ya kuijua tofauti hiyo mapema kuliko wengi. Katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe, ipo Hospitali ya Lutindi, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Hata hivyo bado nakutana na wasomi wanaodhani kwamba kwenda kumwona mtaalamu wa akili ni kukiri wazimu, na wanaomwacha ndugu yao ateseke miaka mitatu kwa kuogopa neno moja.

4. Tukuite Profesa, Mwalimu au Mama?

Chuoni mimi ni profesa na mtaani ni Bi Mwalimu. Wanachuo huanza na "Shikamoo, Profesa", na wakizoea huwa "Shikamoo, Mama". Zote naitikia marahaba. Ninachoomba ni kwamba heshima isigeuke kuwa ukimya. Mwanafunzi anayeliona kosa langu ubaoni akanyamaza kwa sababu mimi ni mtu mzima ananinyima msaada, na anawanyima wenzake mia tatu. Lugha yetu inayo njia ya kumsahihisha mkubwa bila kumvunjia heshima: "Samahani, Profesa, naomba nieleweshwe hapo." Nikisikia hivyo, huwa najua kwamba nirudi nyuma nitazame nilichoandika.

## Wito wa kufundisha

5. Kwa nini ulichagua kufundisha badala ya kufungua kliniki?

Nilianza kazi nikiwa na umri wa miaka 23, mwalimu wa sekondari wilayani Pangani mwenye stashahada na kujiamini kwingi. Katika kidato cha pili alikuwapo binti aliyekaa dawati la nyuma, ambaye hakunyoosha mkono hata siku moja, na nilipomwuliza swali alijibu jambo lisilohusiana nalo. Kwenye ripoti yake ya nusu mwaka niliandika kwa mkono wangu kwamba ni mzito wa kuelewa na hana bidii.

Mvua za vuli zilipoanza, paa la darasa likavuja upande wa nyuma, nami nikamhamishia dawati la mbele kwa sababu ya maji tu. Wiki hiyo hiyo akaanza kujibu. Sikio lake moja lilikuwa halisikii kabisa na la pili lilisikia kwa shida, na kwa muda wote ule alikuwa akinitazama midomo kutoka umbali ambao midomo haisomeki. Mama yake alilijua jambo hilo, akidhani kwamba shule nayo inalijua. Hakuna aliyekuwa ameuliza, na wa kwanza aliyepaswa kuuliza ni mimi.

Nilikwenda kusoma saikolojia nikitafuta kujua nilikosea wapi. Nilipomaliza shahada ya uzamili nilishauriwa nijifunze tiba, na ushauri huo ulikuwa wa busara, kwa maana wataalamu wa tiba ni wachache mno nchini. Lakini nilipiga hesabu yangu. Kliniki humsaidia anayeifikia. Mwalimu mmoja atakutana na maelfu ya watoto kabla hajastaafu, na wengi wao hawatamfikia mtaalamu yeyote maishani. Nikimfundisha mwalimu huyo kusita kidogo kabla ya kuandika "hana bidii", yuko mtoto wa dawati la nyuma nitakayekuwa nimemfikia bila kumjua.

6. Je, mtu huzaliwa na wito wa ualimu?

Sidhani. Mwaka 1997 Amy Wrzesniewski na wenzake, nchini Marekani, walichapisha utafiti wa wafanyakazi 196 walioulizwa jinsi wanavyoiona kazi yao: kama njia ya kupata fedha, kama ngazi ya kupandia, au kama wito. Waliohojiwa waligawanyika katika makundi matatu yaliyokaribiana kwa idadi. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba hata miongoni mwa makatibu 24 waliokuwa na kazi inayofanana, mgawanyiko ulikuwa vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba wito haukai ndani ya kazi yenyewe. Hujengeka katika uhusiano wa mtu na kazi yake, na uhusiano huweza kukua na huweza kufa. Nimewaona walimu walioingia kazini kwa sababu alama zao hazikuwapeleka kwingine, na baada ya miaka mitano ungewafukuza darasani wasingetoka. Nimewaona pia walioingia na moto mkubwa, moto ukazimika kwa sababu hakuna aliyeutunza.

Hapo ndipo ninapokataa kwa nguvu zangu zote neno hili litumiwe kumnyamazisha mwalimu. Mwenye wito naye hula, hulipa kodi ya nyumba na husomesha watoto. Kumwambia kwamba kazi yake ni wito anapodai stahili yake ni kuligeuza neno zuri kuwa kufuli.

7. Kwa nini kila mwaka unaanza na kisa cha Erasto Mpemba?

Kwa sababu ni kisa cha kwetu, na kwa sababu kinaeleza kazi ya mwalimu kuliko sura nzima ya kitabu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe na kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ya jokofu ilikuwa ndogo, naye akahofia kuikosa, akauweka mchanganyiko wake ungali wa moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliowekwa ukiwa wa baridi. Alipomwuliza mwalimu wa fizikia imekuwaje, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu hapa Tanga mjini akamwambia kwamba yeye huyaweka yakiwa ya moto ili yawahi kuganda. Muuza aiskrimu alikuwa analijua jambo ambalo darasa lilikuwa limelikataa.

Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena, na safari hii akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaifanya kauli hiyo kuwa utani, na kila alipokosea hesabu aliambiwa kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba. Kisha Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, akaitembelea shule, na kijana yule akasimama akamwuliza swali lile lile mbele ya watu wote. Osborne hakuwa na jibu, lakini aliporudi Dar es Salaam alihakikisha jambo hilo linajaribiwa katika maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya lini hali hiyo hutokea na kwa nini, na wapo wanaoitilia shaka kabisa. Swali la kijana wa Magamba bado linafanya kazi.

Ukumbini siwaruhusu wanachuo wawacheke walimu wale wa mwanzo, kwa sababu wengi wetu tungejibu hivyo hivyo. Mwalimu aliijua kanuni ya kupoa kwa vitu, swali likaigonga kanuni, na akili ya binadamu huilinda elimu iliyokwisha kuipata. Ni rahisi zaidi kudhani kwamba mtoto amekosea kuona kuliko kudhani kwamba kanuni haijamaliza mambo. Kisha nawapa karatasi, na kila mmoja huandika sentensi moja ambayo angemjibu Mpemba siku ile. Wengi huandika, "Tutazungumza baada ya kipindi." Hilo ni jibu jema endapo mazungumzo yatafanyika kweli. Yasipofanyika, mtoto amefukuzwa kwa adabu, na hatauliza tena.

8. Nikitaka kuwa mhadhiri wa saikolojia, nianzie wapi?

Anza kwa kusoma shahada ya kwanza yenye saikolojia ndani yake, ambayo katika vyuo vyetu mara nyingi huambatana na elimu, na uhitimu kwa ufaulu wa juu, kwa sababu vyuo huajiri wakufunzi wasaidizi kutoka miongoni mwa waliofaulu vizuri sana. Ngazi zinazofuata ni mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Kupanda kunadai shahada za juu na machapisho ya utafiti. Nakushauri ufundishe shule miaka miwili au mitatu kabla ya uzamili. Utachelewa, lakini utajua unachokizungumzia.

## Darasani

9. Kwa nini kila kipindi unaanza kwa kutuuliza ya wiki iliyopita, bila kutoa alama?

Kwa sababu kujiuliza ni njia ya kujifunza, na wengi wanadhani ni njia ya kupimwa tu. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, baada ya kujijaribu mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni, kisha kasi hupungua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wakachapisha jaribio ambalo nawaomba wanachuo wangu walijue kwa tarakimu. Kundi moja lilisoma matini mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu kuikumbuka mara tatu bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, na waliojiuliza walikumbuka asilimia 61.

Tazama dakika zile 5 za kwanza, kwa maana ndizo zinazowapoteza wanafunzi. Anayesoma daftari mara nne usiku wa mtihani huhisi kwamba anajua, na kwa saa chache huwa anajua kweli. Hisia hiyo ndiyo inayomfanya asibadili njia.

Waliosoma madrasa hapa Tanga hawashangai nikiyasema haya. Mtoto hapelekwi aya inayofuata kabla hajakaa mbele ya mwalimu wake akasikilizwa ile ya jana, tena bila kuangalia msahafu. Wanachuo wengi waliyafanya hayo wakiwa na miaka 7, kisha wakafika chuo kikuu wakayaacha.

10. Unawezaje kumjua mwanafunzi katika ukumbi wa watu mia nne?

Siwezi kuwajua wote, na sidai hivyo. Nawagawa wawili wawili wajadiliane swali kwa dakika tatu, nami natembea ngazi za ukumbi nikisikiliza badala ya kukaa mimbarini. Kila wiki nachagua safu moja na kujifunza majina ya waliokaa hapo. Mwisho wa muhula nakuwa nimejifunza majina kama mia hivi, na wale wengine bado nina deni nao.

11. Kwa nini unaturuhusu tujadili kwa Kiswahili ilhali mtihani ni wa Kiingereza?

Kwa sababu nataka muelewe kwanza. Mwanafunzi anaweza kuandika aya nzima ya Kiingereza safi aliyoikariri bila kuwa na picha yoyote kichwani, lakini ukimwambia amweleze jambo lile lile shangazi yake, utajua mara moja kama analo au hana. Istilahi tunazo: sonona, kiwewe, usonji, msongo wa mawazo, unasihi. Zile ambazo hatuna tunazitafuta pamoja, na huko kutafuta ni somo tosha.

Mwaka mmoja tulikuwa tunatafuta neno la uhusiano ule wa mtoto mchanga na mlezi wake ambao mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliuchunguza (tazama jibu la 12). Wa kwanza akasema "upendo", wa pili akasema "mazoea", kisha mwanachuo mmoja kutoka Pangani akasema, "Sisi tunasema mtoto amemganda mama yake." Ukumbi mzima ukachangamka. Mwingine akapinga kwamba mtoto anayeganda ni yule asiyeachia, na kwamba nadharia inamzungumzia hata yule anayekwenda kucheza mbali akiwa na hakika kwamba akirudi atamkuta mama pale pale. Kipindi kiliisha bila neno kupatikana, lakini hakuna hata mmoja aliyetoka pale bila kuielewa nadharia.

12. Nadharia hizi zilitungwa Ulaya na Marekani. Zinatuhusu sisi?

Baadhi zinatuhusu, baadhi hazituhusu, na nyingi hazijajaribiwa kwetu kiasi cha kutosha. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichapisha hesabu yake ya majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani: asilimia 68 ya watu waliotafitiwa walikuwa Wamarekani, na asilimia 96 kwa jumla walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda. Sayansi inayosema "binadamu" ilikuwa inawatazama wachache.

Lakini msiwe wepesi wa kusema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Nadharia ya Ainsworth niliyoitaja katika jibu la 11 ilipata mizizi yake kwa jirani zetu. Alifika Uganda mwaka 1954, akazitembelea mara kwa mara familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, na kitabu chake juu ya watoto wale kikatoka mwaka 1967. Akina mama wa Kiganda waliwafundisha wanasaikolojia wa dunia nzima.

Mfano mwingine napenda kuutumia na walimu. Liko jaribio maarufu ambamo mtoto hupewa kitu kitamu na kuambiwa kwamba asipokila mpaka mtafiti arudi atapewa cha pili. Mwaka 2017 Bettina Lamm na wenzake walitoa matokeo ya kulinganisha watoto wa miaka 4 wa Kijerumani na wa jamii ya Nso, wakulima wa Kamerun, ambao walipewa andazi la kwao. Watoto wa Nso walisubiri kwa kiwango kikubwa zaidi ya wenzao wa Ujerumani, na watafiti walihusisha jambo hilo na malezi yanayomtaka mtoto kumtii mkubwa na kuidhibiti hisia yake mapema. Swali ninalowaachia wanachuo ni hili: mtoto anayejua sana kusubiri na kunyamaza, akikutana na swali kama la Mpemba, atalitoa?

## Nje ya darasa

13. Ukitoka chuoni unafanya nini?

Alfajiri naendesha baiskeli. Mji wetu ni tambarare na umezoea baiskeli, kwa hiyo mwanamke wa umri wangu juu ya baiskeli hashangazi mtu. Natoka Chumbageni mpaka Raskazone, nakaa kidogo nikiitazama bahari na kisiwa cha Toten, kisha narudi kabla jua halijawa kali. Katika nusu saa ile sijibu simu, na mihadhara yangu mingi iliyo bora ilipangika hapo, bila kalamu.

Jumamosi huenda Muheza, ambako nina shamba dogo la michungwa niliyoachiwa na baba. Jioni, kazi ikiwa imekwisha, nasikiliza taarabu ya zamani ya Tanga, ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila ambayo mama yangu aliipenda mno. Watu huniuliza kama hayo yana uhusiano na kazi yangu. Yanao. Aliyelelewa katika taarabu amezoea kusikiliza neno na kujiuliza linamwendea nani na kwa nini halikusemwa wazi, na usikivu huo nauhitaji kila mwanafunzi anapokuja ofisini kuniuliza juu ya kazi ya nyumbani huku macho yamemjaa machozi.

14. Watoto wako uliwalea kwa nadharia?

Niliwalea kwa msaada wa mama yangu, dada zangu na majirani, kama walivyolelewa wengi hapa. Elimu yangu ilinisaidia katika jambo moja kubwa: kutambua kwamba mengi yaliyonitia hofu yalikuwa ya kawaida kwa umri wao. Ilinidhuru pia. Kuna kipindi binti yangu, akiwa na miaka 14, aliniambia, "Mama, usinichunguze, nisikilize." Niliomba radhi siku ile ile. Tangu hapo nikiwa nyumbani nauliza kwanza kama anayezungumza anataka shauri au anataka kusikilizwa tu.

15. Majirani wanakuletea matatizo yao. Unawatibu?

Hapana, kwa sababu nilizozieleza katika jibu la 3, na kwa sababu nyingine ya kijirani. Mtu akinifungulia moyo wake leo barazani, kesho tutakutana kisimani au harusini, naye atajiuliza kila mara kama uso wangu unakumbuka. Ninachofanya ni kumkaribisha, kumpa maji au chai, kumsikiliza bila haraka, na kumsaidia kujua pa kwenda. Mara nyingi nimemsindikiza mtu mpaka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, nikakaa naye kwenye benchi. Kumsindikiza mtu ni kazi ya jirani yeyote, na naifanya kwa moyo wote.

## Mambo yenye utata

16. Mtoto wangu huanguka ghafla na kutetemeka. Ndugu wanasema ana mashetani. Nimpeleke wapi?

Mpeleke hospitali kwanza. Simdharau mzazi anayeniuliza hivi, na sibishani naye juu ya imani yake, kwa kuwa mabishano hayo humfanya aondoke na mtoto wake bila kufika popote. Namwambia kwamba dalili hizo huenda zikawa za kifafa, ambacho ni ugonjwa wa ubongo, hakiambukizi kwa mate wala kwa kuguswa, na kina dawa ambazo huwawezesha wengi kuishi na kusoma kama wenzao. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na tazama saa: ikipita dakika 5 bila kutulia, hiyo ni dharura. Familia ikitaka pia kusomewa dua, isomwe, lakini dawa isikatishwe.

Kwa walimu naongeza jambo moja. Mtoto huyo asiondolewe darasani. Waeleze wenzake yaliyo kweli, na waelekeze namna ya kumsaidia.

17. Mwanafunzi akikueleza jambo zito, utalitunza kuwa siri?

Nitalitunza, isipokuwa katika mambo mawili, na humwambia kabla hajaanza kusema: maisha yake au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhuriwa. Hapo sitanyamaza, ingawa sitafanya lolote bila yeye kujua. Kuhusu watoto, iko namba ya simu 116, isiyo na malipo, ambayo kila mwalimu anapaswa kuwa nayo kichwani. Ahadi ya siri isiyo na mpaka ni ahadi ambayo mwalimu mwema atalazimika kuivunja, na mwanafunzi atakuwa amesalitiwa mara mbili.

18. Naruhusiwa kukuletea zawadi?

Ukiwa bado unasoma kwangu, hapana, hata iwe ndogo namna gani, na usione kwamba nimeidharau. Ukishahitimu, karibu nyumbani na mkungu wako wa ndizi, tutaula pamoja.

19. Je, unamfundisha na kumsahihisha ndugu yako?

Kumfundisha, ndiyo, kwa sababu katika mji huu nikiwaondoa wote wenye undugu nami ukumbi utapungua. Kumsahihisha, hapana. Karatasi yake naipeleka kwa mwenzangu ikiwa na namba tu.

20. Nina swali lakini naogopa kuuliza mbele za watu. Nifanyeje?

Pembeni ya mlango wa ukumbi, upande wa kushoto ukiwa unatoka, kuna kikasha cha mbao chenye tundu juu. Andika swali kwenye kipande chochote cha karatasi, kwa lugha yoyote, bila jina kama hutaki, ukitumbukize. Nakifungua kila Alhamisi, na maswali yaliyomo huyasoma kwa sauti mwanzoni mwa muhadhara wa Ijumaa kama yalivyoandikwa. Lile nisilolijua naliandika ubaoni kwenye pembe ya juu, na hubaki pale bila kufutwa mpaka mmoja wetu alipatie jibu. Wiki hii yako matatu.